Kufuli za Siri za Serikali Zibadilishwe Mapema

Kila serikali ina mambo ya kutangaza na mambo ya kutunza. Zamani mambo ya kutunza yaliwekwa katika majalada ya siri, na ufunguo wa kabati ukakaa kwa mkuu wa masijala. Leo sehemu kubwa ya majalada hayo imo ndani ya kompyuta, na kufuli lake ni hesabu. Hesabu hizo hulinda malipo ya kodi, orodha za mishahara, kumbukumbu za wagonjwa, na barua baina ya wizara na balozi zake. Kufuli hilo sasa linaelekea kuzeeka, na hapana budi watumishi wa umma waelewe sababu.

Mwaka 1977 wataalamu watatu, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni njia ya kufumba maandishi iitwayo RSA. Msingi wake unafahamika kwa kila mwalimu wa hisabati. Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi nyepesi, lakini kuichukua namba iliyopatikana na kuvitafuta vigawo vyake ni kazi ngumu. Namba hiyo ikiwa na tarakimu zaidi ya 600, kompyuta za kawaida haziwezi kuimaliza kazi hiyo kwa muda wenye maana. Hata hivyo, mwaka 1994 Peter Shor wa Marekani alionyesha kwamba kompyuta ya namna nyingine, iitwayo kompyuta ya kwanta, ingeweza kuvipata vigawo hivyo upesi.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii ni ya mapema, kwa kuwa hakuna aliyeonyesha hadharani mashine yenye uwezo huo, na kwamba fedha chache zilizopo zingefaa zaidi kununulia dawa na madawati. Hoja hiyo si ya kubezwa, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, makadirio yanashuka. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba mashine ya kulivunja kufuli la RSA ingehitaji vipashio vya hesabu viitwavyo kiubiti milioni 20. Mwaka 2025 Gidney huyo huyo alikadiria kwamba vingetosha pungufu ya milioni moja. Pili, mwizi wa siri halazimiki kungoja. Aweza kuzinasa barua zilizofumbwa leo, akaziweka ghalani, kisha akazifungua siku mashine itakapopatikana.

Jambo la namna hiyo limekwisha tokea. Katika miaka ya 1940 Marekani ilinasa maelfu ya simu za maandishi za Muungano wa Sovieti ambazo wakati huo hazikusomeka. Kazi ya kuzifumbua, iliyoitwa Venona, ilianza mwaka 1943 na ikafungwa mwaka 1980. Kosa la watengenezaji wa funguo lilitoa mwanya, na siri zikafichuka miaka mingi baada ya kuandikwa. Kwa hiyo kila ofisi yapaswa kujiuliza siri inayoandikwa leo itahitaji kutunzwa kwa miaka mingapi. Bei za zabuni hufichwa kwa wiki chache tu. Lakini jalada la mgonjwa na alama za vidole za raia hudumu umri mzima wa binadamu.

Mataifa mengine yameanza. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitangaza viwango vitatu vya kufuli mpya mwezi Agosti 2024. Uingereza imezishauri taasisi zake zijue mahali pote zinapotumia kufuli za zamani ifikapo 2028, zihamishe mifumo muhimu zaidi ifikapo 2031, na zimalize kazi ifikapo 2035.

Tanzania inayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mahali pa kuanzia basi papo. Kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi: kila wizara na halmashauri iorodheshe mifumo yake, aina ya kufuli iliyomo, na umri wa siri inayolindwa. Kazi ya pili ni ya maofisa manunuzi. Kila mkataba mpya wa kompyuta umtake muuzaji aweze kubadilisha kufuli bila serikali kununua mfumo mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari nayo yahitajika. Mwaka 2022 kufuli moja jipya lililotumainiwa, SIKE, lilivunjwa na kompyuta ya kawaida kwa muda wa saa moja hivi. Na mwaka 2020 ilifichuliwa kwamba Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyoziuzia nchi zaidi ya 100 mashine za kufumba siri, ilikuwa imemilikiwa kwa siri na majasusi wa Marekani na Ujerumani Magharibi tangu 1970. Serikali hizo zililipa fedha zao ili barua zao zisomwe na wengine.

Kinga ya balaa hilo ni kuwa na wananchi wanaoweza kulikagua kufuli kabla ya kulinunua. Watu hao huanzia katika darasa la hisabati. Mwalimu anayefundisha vigawo na namba tasa kwa makini, na serikali inayompa vitabu na heshima yake, wote wawili wanailinda nchi.