Kodi ya mshahara: Wajibu wa mlipaji na haki yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Kila mishahara inapotoka, mabaraza ya misikiti yetu huzungumzia makato. Wapo wanaodai kwamba kodi zote ni maksi, yaani ushuru wa dhulma uliokemewa na Mtume (S.A.W.), na kwa hiyo mwenye kuficha mapato yake hana dhambi. Wapo pia wanaodai kwamba aliyekwisha kukatwa kodi ametoa na zaka yake. Kauli zote mbili zimepotoka, na zinatusahaulisha swali lililo muhimu zaidi: je, kodi hiyo imepimwa kwa uadilifu?

Kuhusu zaka, jambo liko wazi. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane yanayostahiki kupewa, na mfuko mkuu wa serikali si mojawapo. Kodi haiwi zaka kwa kubadilishiwa nia.

Kuhusu kodi, maulamaa wetu hawakuikataa moja kwa moja, wala hawakumwachia mtawala achote apendavyo. Kabla ya vita vya Ain Jalut vya mwaka 658 Hijria (1260), Sultani Qutuz wa Misri alitaka kuchukua mali za raia ili aandae jeshi dhidi ya Wamongoli. Sheikh Izzuddin bin Abdus-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafi, hakumkatalia. Alimwekea masharti: kwanza Baitul Mali iwe haina kitu, na kwanza maamiri watoe mikanda yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, hata wawe sawa na raia wa kawaida. Baada ya hapo ndipo raia waguswe. Fundisho ni kwamba kodi hujuzu pale penye haja ya kweli, mzigo ukagawanywa kwa haki, na wakubwa wakatangulia kuubeba.

Hivyo basi, kudanganya hesabu na kughushi risiti ni uongo, nao ni haramu hata kama mtu anaichukia kodi. Lakini kutumia nafuu ambayo sheria yenyewe imeitoa si ukwepaji. Anayejipunguzia kodi kwa mlango uliofunguliwa na Bunge amechukua haki yake, kama msafiri anayepunguza swala kwa ruhusa ya Mola wake.

Masikitiko yetu ni kwamba kwa mwajiriwa wa Tanzania mlango huo ni mwembamba mno. Mfanyabiashara huondoa gharama za kuzalisha mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa. Mwajiriwa hutozwa kabla hajaushika mshahara. Nauli yake ya kila siku haihesabiwi, wala watoto na wazazi wanaomtegemea. Nafuu yake kubwa ni mchango wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, unaotolewa kabla ya kodi. Kwake yeye, njia ya halali ya kupunguza mzigo ni sheria yenyewe kurekebishwa.

Tutoe mfano wa hesabu. Mwezi Julai 2020 kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka Sh 170,000 hadi Sh 270,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 kodi ya daraja la kwanza ilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Hatua hizo zilikuwa njema na tunazishukuru. Wakati huo kima cha chini cha mtumishi wa umma kilikuwa Sh 300,000. Ukiondoa mchango wake wa asilimia 5 wa hifadhi ya jamii, zilibaki Sh 285,000. Kodi ikawa Sh 1,200 tu.

Kima hicho kilipanda hadi Sh 370,000 mwaka 2022, kisha hadi Sh 500,000 mwezi Julai 2025. Lakini katika bajeti ya mwaka 2025/26 kiwango kisichotozwa kilibaki palepale, Sh 270,000. Kwa hesabu hiyohiyo, mtumishi wa kima cha chini sasa alitozwa Sh 16,400 kwa mwezi. Mshahara wake haujafika mara mbili ya ule wa awali, ilhali kodi yake imezidi mara kumi na tatu. Hakuna mbunge aliyesimama kupendekeza kwamba mtumishi wa chini kabisa aongezewe kodi namna hiyo. Imeongezeka kwa kimya, kwa sababu mishahara imesogea kuufuata unga, kodi ya nyumba na nauli, na kiwango cha msamaha hakikusogea nayo.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni kwamba kiwango kisichotozwa kodi kifungwe na kima cha chini cha mshahara, ili kila kimoja kinapopanda na kingine kipande kwa nguvu ya sheria, bila kungoja huruma ya bajeti.

La pili linawahusu wenye nacho kidogo zaidi, waliofikisha nisabu. Nchini Malaysia, Muislamu aliyetoa zaka kwa chombo kinachotambuliwa huwasilisha risiti, na kiasi hicho hupunguzwa katika kodi yenyewe anayodaiwa. Indonesia huipunguza zaka katika mapato kabla ya kukokotoa kodi. Kwetu, nafuu ya michango ya hisani imewekwa katika hesabu za biashara. Mwajiriwa anayelisha mayatima kwa mshahara wake haipati. Nafuu hii isiwe ya Waislamu peke yao. Mkristo anayechangia zahanati ya kanisa, na yeyote anayesomesha maskini kupitia taasisi iliyosajiliwa, naye astahiki.

Tunajua serikali itauliza: nani atathibitisha risiti hizo? Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwetu. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye dhamana ya zaka pia. Bara, zaka nyingi hutolewa mkono kwa mkono, bila daftari wala ukaguzi. Hatuwezi kudai nafuu kwa mali ambayo sisi wenyewe hatuiwekei hesabu. Misikiti na taasisi zetu zianze kuandika kilichoingia, kilichotoka na aliyekipokea.

Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Kuundwa kwake ni ushahidi kwamba serikali nayo imeliona tatizo. Basi tuwaandikie wabunge wetu kabla ya bajeti ya kila Juni, kwa hoja na kwa hesabu. Na wakubwa wakumbuke sharti la Sheikh Izzuddin: ni vigumu kumwambia mwenye mshahara wa laki tano afunge mkaja ilhali misafara ya magari ya kifahari inampita akiwa kituoni akisubiri daladala.

Mwenyezi Mungu (S.W.) awape viongozi wetu uadilifu, nasi atupe uaminifu katika kutimiza wajibu na ujasiri katika kudai haki. Wabillahi tawfiq.