Flashi si Kofi

Wapo miongoni mwetu, tena wengi wao ni watu wa kalamu, waliojijengea imani kwamba flashi ni adui wa picha. Husema mwanga wa kweli ni wa jua, na mwingine wote ni wa kughushi. Na kwamba anayeuheshimu uso wa mtu hana haja ya kuumulikia. Maneno haya yana ladha, na kwa ladha yake yamepita midomo mingi bila ya kupimwa. Mimi nayapinga. Na ushahidi wangu siutoi Forodhani wala Shela, ambako bahari na kuta za chokaa humrejeshea mtu mwanga usoni bila ya yeye kuuomba. Nautoa Kabanga, wilayani Ngara, mpakani mwa Burundi.

Nilikwenda huko kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Kabanga ni mji wa malori na migomba, wa matofali, mabati na udongo mwekundu. Hauko mbali na Ikweta, na mwaka mzima jua la saa sita mchana haliachani sana na utosi. Picha zilipigwa uani saa hiyo hiyo. Bibi wa bwana harusi aliketi katikati, kajitanda mtandio mweupe. Nikamwomba mpiga picha awashe flashi. Akacheka: "Jua lote hili, mzee wangu, flashi ya nini?" Picha zilipotoka, mtandio uling'aa na uso haukuwapo, palipokuwa na macho palikuwa na mashimo mawili meusi. Bibi yule alifariki kabla ya mwaka kwisha. Hakuacha picha nyingine. Vitukuu wake watarithi mtandio.

Nawauliza waabudu jua: huo ndio ukweli mnaoutetea? Sisi tuliosimama pale tuliyaona macho ya bibi, na yalikuwa yakicheka. Kamera haikuyaona, kwa kuwa haina uwezo wa jicho letu wa kustahimili mwanga mkali na kivuli kizito kwa wakati mmoja. Tena kipimo chake hutafuta wastani: kikikutana na nguo nyeupe na ukuta uliopigwa jua, huipunguzia mwanga picha nzima, na wa kwanza kulilipa deni hilo ni uso mweusi. Flashi iliyopunguzwa nguvu, ikawa dhaifu kuliko jua, ingeingia chini ya mtandio ule na kuyafungua macho. Haishindani na jua, hulijazia, kama kiitikio kinavyomjazia mwimbaji pumzi. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa flashi ni mchana, pale pale mnapoikataza.

Nakubali kwamba flashi ina dhambi zake. Usiku wa harusi ile mpiga picha yule yule aliiwasha ndani, akaielekeza mbele moja kwa moja. Waliokaa karibu wakapauka kama waliopakwa unga, na waliokaa nyuma wakazama gizani. Kwa maana mwanga wa aina hii huchoka upesi: umbali ukizidi mara mbili, hubaki robo tu. Macho yakawa mekundu, kwani flashi iliyo jirani ya lenzi huingia ndani ya jicho na kurudi na rangi ya damu. Hilo ni kofi, wala silitetei. Lakini kosa ni la mkono. Angeigeuza ikapiga ukuta mweupe, mwanga ungerudi laini. Na kwa kuwa kuta za matofali huuchovya uso katika wekundu wake, shuka jeupe lililoshikwa na vijana wawili lingetosha. Angeiacha kamera ikae wazi kitambo kidogo zaidi, na taa ya chumbani nayo ingesema neno lake. Haya hayataki fedha, yanataka adabu ya kazi.

Wataniambia kwamba mwanga wa kamera una historia mbaya juu ya ngozi zetu. Naijua. Mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba picha za kampuni yao zilitumika katika vitambulisho vya kuwafungia Waafrika wa Afrika Kusini. Wakaanzisha mgomo, na mwaka 1977 kampuni ikajitoa huko. Kodak nao kwa miongo mingi walizipima rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Na inasimuliwa kwamba walianza kuirekebisha filamu pale watengenezaji wa samani na wa chokoleti walipolalamika. Mbao zikasikilizwa kabla ya nyuso! Lakini ni fundisho gani hilo? Kama chombo kilitengenezwa bila ya sisi kufikiriwa, basi anayekiacha kijiendeshe anaendeleza dharau ile ile. Anayekijua ndiye anayeivunja.

Wala si jambo geni kwetu. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alifungua nini? Studio ni nini kama si chumba cha kuupangia mwanga? Picha za wazee tulizozitundika kutani na kuzisifia "uhalisi" wake ni matunda ya mtu aliyeketi akafikiri uso huu uangaziwe kutoka wapi. Mshairi hapati vina kwa kungoja vidondoke mtini, na hakuna amwambiaye kwamba mizani yake ni ya kughushi.

Basi, enyi wenzangu mnaolitukuza jua, litukuzeni katika mashairi. Ila mtakapomketisha mama wa mtu uani saa sita mchana, washeni flashi. Mkisha, mtazameni macho kabla hajainuka kitini.