Dawa Imefika, Maelezo Yamebaki Njiani

Ndugu msomaji, ni mara ngapi umewafungia wazee wako dawa ndani ya bahasha, ukamkabidhi utingo wa basi, kisha ukarudi kazini ukiamini kwamba wajibu umetimia? Leo nakuomba tuifuate bahasha hiyo hadi mwisho wa safari yake.

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya Yakobi, katika nyanda za baridi za Njombe. Mtoto anaharisha. Baba yake, fundi wa Makambako, ananunua pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Muuza dawa anasema kwa haraka, "Pakiti moja, lita moja." Baba anaitikia kwa kichwa, kisha anampigia simu mkewe. Lakini mkewe yumo shambani akivuna viazi. Anayekaa na mtoto ni bibi, ambaye lugha yake ni Kibena na ambaye haoni maandishi madogo ya Kiingereza. Jioni pakiti nzima inakorogwa katika kikombe kimoja cha chai.

Hapo ndipo penye hatari. Pakiti ya kawaida yataka lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji yakiwa machache, chumvi huzidi na huweza kumdhuru mtoto. Maji yakiwa mengi mno, dawa hupungukiwa nguvu. Yaliyobaki baada ya saa 24 hapana budi yamwagwe. Tena mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Katika jamaa hiyo hakuna aliyekosa upendo, wala elimu haikukosekana. Ilikuwapo dukani na juu ya pakiti. Ila ilipita vinywa vitatu, na kila mmoja alizuiwa na jambo lake: lugha, haraka, au haya. Aghalabu haya ndiyo kizuizi kikubwa. Mama aliye mbele ya dirisha la dawa, na foleni ndefu nyuma yake, huona afadhali kunyamaza kuliko kusema, "Sikuelewa," asije akahesabiwa mshamba.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini. Redio ilizungumza, kitabu kikasomwa, kisha wanakikundi wakaulizana na kukubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufyeka majani kandokando ya nyumba. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake, bali nafasi ya kuuliza. Leo simu ya mkononi hutuletea maneno mengi kuliko redio ya siku zile, lakini haituulizi kama tumeelewa.

Basi, ndugu mtoa dawa, kabla hujamwita mwingine, mwombe mgonjwa akurudilie maelezo kwa kinywa chake. Ni kazi ya dakika moja.

Nawe msomaji, usiondoke dirishani kabla ya kujua mambo manne: kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi, na dalili zipi za kumkimbiza mgonjwa zahanati. Kwa mtoto anayeharisha, dalili hizo ni kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, damu katika choo, macho kudidimia, au kulegea na kusinziasinzia. Yaandike hayo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, uyatie ndani ya bahasha. Kisha zungumza na yule hasa atakayekoroga dawa, kwa lugha anayoielewa, naye akueleze atakavyofanya.

Kuuliza si ujinga. Bibi wa Yakobi hatakosea kipimo ikiwa wewe uliye mjini hukuona haya kuuliza kwa niaba yake.