Msiisingizie Sheria ya Ununuzi

Tumeandikiwa kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ndiyo inayochelewesha miradi Tanzania, hivyo maofisa waachiwe wanunue kwa busara zao. Busara ipi? Sheria ya 2011 ilifutwa, ikaja ya 2023, zabuni zikahamia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki. Bado kuna ofisi inayozinduka Juni, mwaka wa fedha ukiyoyoma, kuomba matairi yaliyojulikana tangu Julai kuwa yatahitajika. Mpango wa ununuzi wa mwaka ni takwa la sheria hiyohiyo inayolaumiwa. Eti dharura haisubiri bodi ya zabuni! Ununuzi wa dharura umeruhusiwa, someni. Na hati ya malipo ya mkandarasi inapolala mezani kazi ikiwa imeshakaguliwa, zabuni inahusikaje? Ama busara, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hutaja mara kwa mara manunuzi yaliyokwepa ushindani. Busara hiyo tumeshailipia vya kutosha.