Nyuma ya Vumbi



Usiku usio na mbalamwezi, mahali pasipo na taa, tazama juu. Utaona mkanda mweupe wa nyota uitwao Njia ya Maziwa, na ndani yake madoa meusi. Ni rahisi kudhani pale hapana kitu. Kumbe ni vumbi. Kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, kimefichwa na vumbi hilo. Katika kila chembe trilioni moja za mwanga wa kawaida zinazoelekea kwetu kutoka huko, hufika kama moja tu.

Lakini mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi tukiota moto, hupenya vumbi. Gesi iliyo njiani hufyonza sehemu fulani za mwanga huo na kuacha mapengo. Mtaalamu akiyasoma mapengo hayo, hujua ni gesi gani na ina joto kiasi gani. Mwaka 1980 Takeshi Oka alipima maabara alama za H3+, molekuli ya haidrojeni yenye atomi tatu. Akaitafuta angani hadi 1996, yeye na Thomas Geballe walipoiona kwa darubini iliyoko Mauna Kea, Hawaii. Baadaye molekuli hiyo iliwaonyesha kwamba eneo la kitovu, lililodhaniwa kutawaliwa na mawingu mazito, limetandwa kwa sehemu kubwa na gesi nyembamba.

Nakiri kosa langu. Mama mmoja parokiani aliacha kuhudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo. Kikaoni akaitwa mlegevu, nami nikanyamaza. Nilipomtembelea miezi kadhaa baadaye, nilimkuta akimuuguza mumewe aliyepooza, rozari mkononi. Sala haikukoma katika nyumba ile. Sisi ndio hatukufika.

Hata Nabii Samweli, alipofika kwa Yese, alivutiwa na umbo la kaka mkubwa. Mungu alikuwa ameutazama moyo wa Daudi, aliyekuwa machungani.

Wiki hii, kabla hujamhukumu asiyeonekana kanisani, nenda ukabishe hodi kwake. Oka aliitafuta molekuli angani kwa miaka mingi. Je, jirani yako hastahili hata nusu saa?