Mradi wa Hisabati Si Karatasi ya Manila

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, neno "mradi" limesikika katika kila nyumba yenye mtoto wa shule ya msingi. Hilo si baya. Linalosikitisha ni kwamba miradi mingi ya hisabati imekuwa ya kupaka rangi tu. Mzazi hutumwa dukani jioni kununua manila na gundi, akata maumbo hadi usiku wa manane, na asubuhi mtoto hubeba kazi asiyoielewa. Je, hapo aliyejifunza ni nani?

Mradi wa hisabati sharti uzae tarakimu, nazo tarakimu zizae kanuni ya kubashiri jambo ambalo bado halijapimwa. Huo ndio msingi wa kile wanahisabati wakiitacho fankisheni: ukitia idadi fulani hutoka jibu moja, wala si mawili. Wapo wanaodai kwamba somo hilo ni zito mno kwa mtoto wa gredi ya 5, heri lingojee sekondari. Sikubaliani nao. Mtoto huyo huyo hutumwa kusagisha mahindi, na anajua fika kwamba debe likiwa mawili, malipo nayo ni maradufu. Kilichobaki ni kumwandikisha jedwali.

Chukua nauli ya matatu. Wanafunzi na waandike kwa majuma mawili umbali wa kila kituo na nauli iliyotozwa. Punde si punde watakumbana na kioja: umbali ni ule ule, nauli ni mbili! Adhuhuri ni hivi, mvua ikinyesha jioni ni vingine. Hapo mwalimu aulize: umbali pekee watosha kutuambia nauli? Hautoshi. Wakiongeza saa na hali ya hewa katika jedwali, huenda kanuni ikapatikana. (Tamaa ya utingo, kwa bahati mbaya, haina safu yake.) Darasa lililobishana hivyo limeshika kiini cha somo kabla ya kuona herufi yoyote ya aljebra.

Zipo pia ada za M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Ada ya kutoa pesa haipandi shilingi kwa shilingi; hutulia pale pale kwa viwango kadhaa, kisha huruka mfano wa ngazi. Mtoto akiichora kwenye karatasi ya miraba ataona kwamba si kila kanuni ni mstari ulionyooka.

Basi walimu wakuu na waamuru mradi wa muhula ujao ufanyiwe shuleni, saa za masomo, kwa daftari, rula na penseli. Wakati wa kutoa alama, mwanafunzi atajiwe kituo ambacho hakimo katika jedwali lake, abashiri nauli, kisha aeleze alivyoipata. Maua yaliyochorwa pembeni yasipewe hata alama moja.