Lubudi: Antivirusi isiyopata mega hailindi mtu

Kila kampuni ya antivirusi inapotoa toleo jipya, tangazo ni lile lile: kinga dhidi ya wezi wanaofunga mafaili na kudai pesa, ukaguzi wa flashi, ulinzi ambao virusi haviwezi kuuzima. Ni mambo mazuri. Lakini kwa mwenye kazi ya fotokopi karibu na gare ya Lubudi, swali la kwanza ni lingine: mega za kupakua toleo hilo zitatoka wapi?

Katika teritware hii ya mkoa wa Lualaba, makampuni makubwa ya migodi upande wa Fungurume yana uwezo wa kulipa mafundi wa kulinda mashine zao. Shule, kituo cha afya na biro ndogo ya serikali haviko hivyo. Huko flashi inatoka kwenye mashine moja na kuingia nyingine, ikibeba kazi pamoja na virusi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga inayotafutwa mara nyingi iko tayari. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, Windows 10 inaweza kuzuia programu isiyojulikana kubadilisha mafaili ya folda zilizochaguliwa. Iko ndani ya Microsoft Defender, bila kulipa hata franka moja. Ila haijawashwa, mwenye mashine ndiye anapaswa kuiwasha. Ni wangapi wameambiwa?

Orodha ya virusi vipya nayo hutolewa na Microsoft kama faili moja. Mtu anaweza kuipakua Kolwezi, kuiweka kwenye flashi safi na kuhudumia mashine nyingi Lubudi. Mega zinalipwa mara moja tu.

Wako watakaosema sasisho lenyewe ni hatari. Hawajakosea kabisa: tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows karibu milioni 8.5 duniani. Somo lake ni kujaribu kwanza kwenye mashine moja, si kukaa bila sasisho. Virusi vya WannaCry, Mei 2017, vilipita kwenye mwanya ambao Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake miezi miwili mbele.

Na muda unakwenda. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haizibwi tena mianya, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza.

Kongo ina Sheria ya Numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria haipakui faili. Wakubwa wa teritware wateue ajenti mmoja, wampe pesa ya mega kila mwezi, azunguke kwenye mabiro na mashule, awashe kinga zilizozimwa na kuacha nakala ya mafaili kwenye diski isiyobaki imechomekwa. Gharama yake ni ndogo. Orodha ya wanafunzi wa miaka mitano ikipotea, hakuna toleo jipya litakaloirudisha.